Jamvi la Mayatima: Maneno ya Khitma ya Mama Yetu, Konde

Maneno haya niliyasema ndani, upande wa kina mama, baada ya kusomwa khitma ya arobaini ya mama yetu huko Konde, Pemba. Ndugu waliokosa kufika wameniomba niyaandike.

Bismillahi Rahmani Rahim. Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mama zangu, shangazi zangu, mawifi, shoga zake marehemu mliotoka Wingwi, Tumbe na Wete, na mliovuka bahari kutoka Unguja, na nyinyi kina baba mnaosikiliza huko nje barazani kwa kipaza sauti, nakushukuruni. Tangu siku ya maziko mlango huu haujafungwa. Mchele umeletwa, kuni zimepasuliwa, maji yametekwa, ubani umetiwa, na wengine wenu mmelala chini kwenye mikeka pamoja nasi mkaacha nyumba zenu. Mwenyezi Mungu akulipeni kwa kila hatua mliyoipiga.

Nimepewa nafasi niseme machache juu ya mama yetu, bibi wa hawa wajukuu mnaowaona wakipita na masinia. Siku zote hizi nimewasikia watu wakimsifu kwa subira. Ni kweli, subira alikuwa nayo. Lakini mimi niliyemfuata nyuma shambani tangu sijajua kujifunga kanga nataka kumtaja kwa jambo jingine, ambalo naona hatulitaji sana tunapowasifu wazazi wetu wa kike. Mama alikuwa muadilifu. Kila kilichopita mkononi mwake alikipima, na mwenye haki yake akapewa haki yake kamili, awe mkubwa awe mtoto, awe ndugu awe mpita njia. Husemwa kuwa mapenzi ya mama hayana kipimo. Ya mama yetu yalikuwa nacho, na kwa sababu hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyepunjika.

Wenye umri wangu mnaijua pishi. Vijana huenda mkaijua kwa zaka ya fitri tu, lakini sisi tumekua nayo uani. Vibaba vinne ndiyo pishi moja, na mchuma karafuu hulipwa kwa pishi. Mchumaji hushinda juu ya mkarafuu tangu asubuhi, huku ameukaba mti kwa miguu, anavuta tawi kwa upembo, anajaza pakacha. Akishuka jioni, vishada vinamwagwa, watu wanakaa kitako wakichambua: unakishika kishada, unakisukuma kwenye kiganja cha mkono wa pili, karafuu zinaanguka upande huu na makonyo, vile vijiti vyake, upande ule. Zikishachambuliwa ndipo zinapopimwa, na hapo ndipo palipokuwa na maneno. Wako wenye mashamba waliokuwa wakiijaza pishi ikafanya kilima, karafuu zikamwagika pembeni, nao wakaihesabu ni pishi moja. Mchumaji huona. Lakini amechoka, ana njaa na watoto wanamsubiri, basi hunyamaza.

Mama akijaza pishi, anaipangusa juu kwa kiganja mpaka iwe sawa na ukingo, kisha anamwambia mchumaji, "Tazama mwenyewe." Hamwagi mpaka yule ameitikia. Na huku anapima anasoma kwa sauti ya chini ile sura aliyofundishwa chuoni, chuo cha Kurani, akiwa mdogo, Waylun lil-mutaffifin, ole wao wapunjao, ambao wakipimiwa na watu hutaka kamili, na wao wakiwapimia watu hupunguza. Ni sura ya 83. Sisi tuliihifadhi kwenye lundo la karafuu kabla Maalim hajatufikisha.

Na jamani, uadilifu ule haukuwa wa hasara. Karafuu haimsubiri mtu. Ikishafunguka ua, thamani yake imekwenda. Katikati ya msimu kila shamba linataka wachumaji na wachumaji hawatoshi, na nyinyi mnajua ni mlango gani waliokuwa wakianza kubisha. Miti yetu ilikuwa ikimalizika kuchumwa wakati ya wengine imeshaanza kufanya mpeta, karafuu zilizopitiliza.

Makonyo alikuwa hayagusi. Makonyo ni ya waliochambua, nao wengi walikuwa watoto. Yakishakauka tunayapakia kwenye polo, yanauzwa, na fedha tunagawana mbele yake. Nimekuja kukiona kile kiwanda cha Wawi kinachokamua mafuta ya makonyo nikiwa mtu mzima, na harufu yake ilinirudisha uani kwetu mara moja.

Sasa niseme juu ya kusoma kwake, kwa sababu hili linaniuma. Mwaka 1964 mama alikuwa kigori. Septemba 23 ya mwaka ule, Mzee Abeid Amani Karume alipotangaza elimu bila ya malipo, yeye alikuwa ameshamaliza chuo na posa yake imeshajibiwa. Skuli hakuiona. Baadaye katika maisha yake, kila alipokwenda kwenye ofisi yoyote akaulizwa elimu yake, aliandikiwa kwamba hakusoma. Mwanamke huyu alikuwa amehitimu Kurani, na alikuwa akiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa kalamu ya risasi, mistari iliyonyooka kama ameipigia rula. Daftari zake ninazo. Kila msimu una daftari yake: nani amechuma pishi ngapi, nani amechukua fedha ya mbele, jua lilikuwa la siku ngapi, polo ngapi zimekwenda kituoni kuuzwa. Wako wazazi wengi hapa ndani walio kama yeye, na naomba tuache kuwaita watu wasiosoma.

Msimu ukifika, nyumba nyingi zilikuwa zikiwatoa watoto skuli, na wa mwanzo kutolewa ni msichana, eti yeye ataolewa tu. Mama alisema tutachambua usiku. Na zile siku alizoelemewa kabisa, karafuu imejaa uani na mvua inanusa, alimbakisha mtoto mmoja nyumbani kwa zamu, leo mvulana kesho msichana, na zamu ile aliiandika. Kaka yangu mkubwa yuko nje ananisikia. Naye alibaki nyumbani zamu yake ilipofika, wala hakupewa udhuru kwa kuwa ni mwanamume.

Miaka ikaja bei ya karafuu ikaanguka, watu wakaiacha mikarafuu ikafunikwa na mitambaazi. Mwani wa kulima ulianza Unguja, pwani ya Paje na Jambiani, mwaka 1989, na ukafika kwetu miaka michache baadaye. Mama alikuwa katika wanawake wa mwanzo wa hapa walioshuka pwani ya Tumbe. Bamvua likija anaondoka alfajiri, maji yakikupwa anaingia na vigingi na kamba, anafunga mbegu kwa taitai, vile vikamba vyembamba, mgongo umeinama mpaka maji yarudi. Mdogo wangu amesomea uuguzi kwa mwani mnene. Siku hizi mwani mnene unakufa kwa joto la maji, umebaki mwembamba ambao bei yake ni ndogo, na mama mpaka miguu ilipomkataa alikuwa bado akiulizia, "Mnene umeota?" Yeyote hapa anayekula mshahara aliosomeshwa kwa mwani akumbuke kwamba mama yake anakwenda mbali zaidi siku hizi kutafuta maji yaliyopoa.

Kuna zama siasa zilitugawa hapa kisiwani. Sitaki kufukua. Watu walisusiana maduka, wakasusiana maziko, pengine hata msikiti ukawa miwili. Mama alikuwa na chama chake na kila mtu alikijua. Lakini alikwenda msibani kwa kila aliyefiwa, na aliyekuja kununua nazi alimuuzia, kwa bei moja. Aliambiwa maneno mazito kwa ajili hiyo, na wengine walikuwa jamaa zake wa damu. Maridhiano yalipokuja Novemba 2009, viongozi wakakaa pamoja wakapeana mikono, nilimpigia simu kwa furaha. Akanijibu, "Alhamdulillahi. Sasa na wao wamefika."

Nije kwenye lile ambalo nililitaka tangu mwanzo.

Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli iliyokuwa ikitoka Unguja kuja kwetu ilizama kwenye mkondo wa Nungwi, ikachukua mamia ya watu. Hakuna kijiji cha Pemba ambacho hakikuguswa. Katika waliokwenda alikuwamo shoga yake mama, jirani yetu wa uzio kwa uzio, alikuwa akirejea kutoka hospitali. Mumewe alishatangulia mbele ya haki. Wakabaki watoto wawili, msichana na mvulana, na mikarafuu waliyoachiwa na mama yao.

Mnajua huku kwetu mti una mwenyewe wake na ardhi ina mwenyewe wake. Ardhi ile haikuwa yao, lakini miti ilikuwa yao. Na msimu ule ule bei ya karafuu ilipanda kuliko tulivyowahi kuona. Watu ambao kwa miaka hawakuwahi kuuliza habari za watoto wale wakaanza kuja na maneno matamu. Ami zao, Mwenyezi Mungu awape kheri, walikaa na mama mbele ya sheha, wakakubaliana watoto wakae kwetu na mama asimamie mavuno yao mpaka wakue.

Basi nendeni na mimi mpaka uani kwetu mwaka ule. Majamvi mawili yameanikwa karafuu. Moja letu. La pili mama amelishona pembeni ukili mwekundu, ili asije mtu akasahau. Karafuu za mikarafuu ya watoto zinachumwa siku yake, zinachambuliwa peke yake, zinapimwa peke yake, zinaanikwa kwenye jamvi lenye ukili mwekundu. Hata fagio la kukusanyia alilitenga. Mkwe wake mmoja alimwambia, "Mama, si zote karafuu, tuchanganye kisha tugawe kwa hesabu, tutapumzika." Mama hakugombana naye. Alimwambia tu, "Mali hino si yetu, mwanangu," akaendelea kugeuza karafuu kwa mguu, polepole, mstari kwa mstari.

Karafuu mbichi hutaka jua kali siku nne tano, zigeuzwe, zisirundikane. Zikinyeshewa kabla ya kukauka zinapauka, zinapoteza daraja, na kituoni utalipwa bei ya chini. Na Pemba mvua haibishi hodi. Mchana mmoja wingu lilitoka upande wa Ngezi, tukalisikia linakuja juu ya miti kabla hatujaliona. Tulikuwa watu wachache nyumbani. Sote tukakimbilia jamvi letu, maana ndilo lililokuwa karibu na mlango. Mama akatoka jikoni, kanga imeanguka begani, akapiga ukelele ambao nadhani mpaka Tumbe waliusikia: "La watoto kwanza! La watoto kwanza!"

Tukaliacha letu, tukashika pembe nne za lile la ukili mwekundu, tukaliingiza ndani. Tuliporudi kwa letu, maji yalikuwa yakipita chini yake. Msimu ule karafuu za mayatima zilipata daraja la kwanza, zetu nyingi zikapata la tatu. Jioni yake alisali, akala, akalala. Mimi ndiye niliyekaa nikipiga hesabu ya tulichopoteza, na asubuhi alipoona uso wangu akaniambia, "Zetu zimenyeshewa na Mungu. Zao zingenyeshewa na sisi."

Fedha zao hakuzihifadhi mkononi. Alisema fedha ndani ya nyumba ni kama barafu, utaikuta maji. Akawanunulia mtamba, yakaja mandama, na kila ndama akaandikwa kwenye daftari yao. Sare za skuli, madaftari na dawa vilikatwa humo na kuandikwa. Chakula hakuandika hata siku moja. Nilimuuliza sababu, akashangaa. Waliokula sinia moja na wajukuu zake wanaandikiwa nini?

Yule kijana alipofika umri na dada yake posa yake ilipokuja, mama alimwita sheha, akawaita ami zao, akafungua daftari akasoma ukurasa kwa ukurasa tangu mwaka 2011, sauti haikutetereka. Mwisho akasema, "Kama kuna nilipopunguza, semeni nikiwa hai." Watoto wale leo ni watu wazima. Wamekaa pale karibu na dirisha. Alipofariki mama, huyu binti ni mmoja wa waliomuosha, na nilipomwambia apumzike kwa kuwa ana mimba kubwa, hakunijibu, alichukua ndoo akaenda kuongeza maji.

Nyinyi wajukuu zake mnamjua bibi mwingine, wa ukumbini, wa hadithi baada ya isha, wa kusukiwa ukili na kuulizwa, "Paukwa?" Lakini ni yule yule. Mnakumbuka samaki? Hakuna aliyekuwa akimgawa samaki kwenye sinia ila yeye. Changu mmoja, watoto tisa, na kila mmoja anapata kipande ambacho huwezi kusema cha mwenzake kimezidi, na aliyepata kichwa jana leo hapati. Siku ya idi anatuma mtu dukani kuvunja fedha, ili kila mtoto apate noti inayofanana na ya mwenzake, mtoto wa binti na mtoto wa mwana, aliyetoka Maskat na aliyetoka hapa nyuma ya nyumba. Mmoja wenu alipewa zawadi nono na ami yake akaja kuwaringia wenzake. Bibi hakumkemea. Alimwita akamuomba amsaidie kugawa tende, akampa kazi ya kuhesabu.

Maradhi yake hayakuwa marefu na sitayasimulia. Waliomuuguza wanajijua. Wao wana ujira wao kwa Mola wao. Mtume wetu, rehma na amani zimfikie, alipoulizwa ni nani mwenye haki zaidi ya kufanyiwa wema, alisema mama yako, akasema tena mama yako, akasema tena mama yako, ndipo akasema baba yako. Sisi wanawe tunajua hatukumfikia.

Yamebaki mawili, na haya ni ya kifamilia lakini aliyataka yasemwe mbele ya watu.

La kwanza ni mirathi. Mnajua mchezo unaochezwa. Baba au mama akifa, kabla dada hajajua fungu lake ni lipi, anaambiwa, "Wewe si una mumeo, wasamehe ndugu zako." Naye kwa haya anasema nimesamehe. Mama alilichukia jambo hili kuliko yote. Alituambia sote tukiwa pamoja, "Mpeni kwanza mkononi mwake. Akishakishika, akitaka kusamehe atasamehe." Nawashukuru kaka zangu. Mikarafuu imehesabiwa mti kwa mti, wakiwepo mashahidi, na kila mmoja wetu, mwanamume na mwanamke, anajua miti yake kama sharia ilivyogawa. Hakuna dada aliyeombwa asamehe.

La pili ni madeni. Kitabu cha Mwenyezi Mungu, katika sura ya Nisaa, kimeyaweka mafungu ya mirathi baada ya wasia na deni, na Mtume ametuambia kwamba roho ya muumini imefungwa na deni lake mpaka lilipwe. Kwa hivyo tumefungua daftari ya mwisho.

Wale ambao mama alikuwa akiwadai, sitasoma majina. Amepiga mstari juu ya kila mmoja kwa mkono wake mwenyewe, na pembeni ameandika: nimesamehe. Asije mtu kwetu na fedha ya deni la zamani. Tumeambiwa tusipokee.

Aliokuwa akidaiwa na wao walikuwa wachache na tumeshalipa, ila mmoja. Kwenye ukurasa wa mwisho kuna mstari unaosema: "Mama wa pacha, Tumbe. Mikeka miwili. Nusu bado." Hakuandika jina. Tumekwenda Tumbe tukauliza, tukaonyeshwa kina mama wanne wenye pacha, na kila mmoja amesema siye. Inawezekana amehama, inawezekana pacha wenyewe wameshakuwa watu wazima. Kama yumo humu ndani, au yuko mtu anayemjua, tafadhali asitoke bila kumuona kaka yangu mkubwa hapo mlangoni. Fedha ya mikeka tumeiweka mbali kwenye bahasha, kwa bei ya leo.